Modeli zitoke kabatini

Mwanafunzi wa udaktari anaweza kukariri kwamba ugonjwa wa selimundu hutokana na asidi amino moja (kijenzi cha protini) kubadilika kwenye himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, akajibu mtihani vizuri, na bado asielewe kwa nini badiliko dogo hivyo linamliza mgonjwa kwa maumivu ya mifupa. Simlaumu. Amefundishwa kwa herufi na mishale, ilhali jambo lenyewe ni la umbo.

Ndiyo maana natetea modeli za molekuli za kushika mkononi, ziwe za plastiki au za plastisini, ule udongo laini wa kufinyanga. Wapo wahadhiri wanaoziona michezo ya chekechea. Lakini Watson na Crick, waliogundua umbo la DNA mwaka 1953, walihangaika na vipande vya chuma, na John Kendrew alipopata umbo la mayoglobini, protini inayotunza oksijeni kwenye misuli, miaka michache baadaye, alilifinyanga kwa plastisini.

Turudi kwenye selimundu. Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne: alfa miwili, beta miwili. Kwa mgonjwa, kwenye beta, nafasi ya 6, asidi ya glutamiki imeondoka na valini imekaa mahali pake. Glutamiki hupenda maji, valini huyakimbia. Molekuli ikishaachia oksijeni, beta yake hufungua kishimo, na valini ya molekuli jirani hujibana humo. Sasa gawa modeli darasani, zenye sumaku kwenye valini na kwenye kishimo. Wanafunzi wakianza kuziunganisha, uzi unarefuka mezani, na hakuna haja ya kuwaeleza kwa nini chembe nyekundu hukakamaa na kupinda oksijeni inapopungua. Kisha chomeka katikati himoglobini ya kichanga, yenye minyororo ya gama badala ya beta. Uzi unagoma kuendelea. Haidroksiyurea, dawa inayoongeza himoglobini hiyo, hapo inaeleweka.

Modeli nayo hudanganya, tena sana. Imekakamaa, wakati protini halisi hutikisika muda wote. Ukiikagua ya mayoglobini huoni mlango wa oksijeni kupita. Mlango hujifungua protini inapojinyoosha na kujikunja. Mwalimu aliseme hilo mapema.

Kinachoniudhi zaidi ni modeli kuinuliwa mbele ya darasa dakika mbili, kisha ikarudishwa kabatini. Na itaendelea kukaa huko maadamu mtihani unauliza tu "taja asidi amino iliyobadilika". Mtahiniwa apewe vipande, aambiwe aonyeshe uzi unakatikia wapi.