Leopards wapimwe kwa mechi ya Sudan, si kwa ya Algeria

Tangu Adil Boulbina wa Algeria aifunge timu yetu ya taifa ya Congo, Leopards, katika dakika ya 119 kule Rabat, tarehe 6 Januari 2026, Lubumbashi haijanyamaza. Mtaa wa Kamalondo wanasema kocha Desabre alichelewa kubadilisha wachezaji. Mitaa ya Kenya na Katuba wanasema hatuna mfungaji. Na hukumu inayonisumbua kuliko zote, ambayo naisikia hata kwa watu wanaoujua mpira vizuri, ni kwamba Leopards wamerudi nyuma, maana Kombe la Afrika lililopita tulifika nusu fainali na safari hii tumeishia hatua ya 16 bora.

Naipinga hukumu hiyo. Hatua unayofika inategemea umepangiwa nani, na inaficha mengi.

Kumbukeni mwanzo wa 2024, kule Côte d'Ivoire. Katika kundi tulitoka sare na Zambia, sare na Morocco, sare na Tanzania. Tukatoka sare tena na Misri, tukawatoa kwa penalti 8 kwa 7, ile ya mwisho akiipiga kipa wetu mwenyewe, Lionel Mpasi. Guinea tukawafunga 3-1. Wenyeji wakatutoa kwa bao moja la Haller, kisha Afrika Kusini wakatushinda kwa penalti tulipogombea nafasi ya tatu. Mechi saba, ushindi mmoja tu ndani ya muda wa kucheza. Usiku wa Misri nililia kwa furaha kama mji mzima, na furaha ile ilikuwa halali. Lakini timu ile ilijua kukataa kufungwa. Kushinda ilikuwa haijajua.

Safari hii, kule Morocco: Benin 1-0, Senegal 1-1, Botswana 3-0, kisha Algeria mpaka ukingoni mwa muda wa nyongeza. Mechi nne, ushindi mara mbili, na mshambuliaji wetu Yoane Wissa hayupo. Mtu anayesema tumeshuka anieleze tumeshuka wapi.

Idadi ya mabao nayo inadanganya, na hakuna taifa linalopaswa kulijua hilo kuliko sisi. Mwaka 1974, katika Kombe la Dunia kule Ujerumani Magharibi, Zaire, jina la Congo yetu wakati ule, ilifungwa na Scotland 2-0. Siku nne baadaye ikafungwa na Yugoslavia 9-0. Wachezaji ni walewale, kocha ni Vidinić yuleyule. Je, miguu ya watu inaweza kusahau mpira kwa siku nne? Wachezaji wenyewe walisimulia miaka mingi baadaye habari ya pesa zao zilizoliwa kabla hazijawafikia, na vitisho vilivyotoka kwa wakubwa. Tisa zile ziliupima uongozi wa nyumba, hazikupima kipaji. Miezi michache tu kabla, watu haohao walikuwa wamechukua Kombe la Afrika kule Misri, na Ndaye Mulamba akafunga mabao tisa, idadi ambayo hakuna aliyeifikia katika mashindano mamoja hadi leo. Mpaka sasa dunia inamcheka Mwepu Ilunga kwa ule mpira alioupiga mbali Brazil wakitaka kupiga adhabu. Mwepu alikuwa beki wa Mazembe, klabu ya mji huu. Inaniuma kuona hata vijana wa Lubumbashi wanapitisha video ile kwenye simu wakicheka, bila kujua yule mtu alikuwa anacheza na hofu gani kifuani.

Basi kama hatua haitoshi na mabao hayatoshi, tutazame nini? Mimi natazama mambo mawili: mwenye nguvu amelazimika kufanya nini ili atufunge, na sisi tumejifunza nini kabla ya kukutana naye tena.

Senegal ndio kipimo bora, kwa sababu tumekutana nao mara tatu ndani ya miezi kumi na tisa. Juni 2024, kwao Dakar, Fiston Mayele alisawazisha dakika ya 85, ikawa 1-1. Halafu ikaja ile ya Kinshasa ya kufuzu Kombe la Dunia, tarehe 9 Septemba 2025, ambayo wengi wetu bado hatutaki kuizungumzia. Bakambu dakika ya 26, Wissa dakika ya 33, mbili bila, Stade des Martyrs inatetemeka. Tungeshinda, Kombe la Dunia lingekuwa mikononi mwetu. Pape Gueye akarudisha moja kabla ya mapumziko. Jackson akasawazisha mwanzoni mwa kipindi cha pili. Dakika ya 87, Pape Matar Sarr, tatu. Na Wissa akaumia goti katika mechi hiyohiyo.

Kilichoniumiza usiku ule kilikuwa kuona jambo lilelile la Tunisia likirudi. Septemba 2017, uwanja huohuo, tuliongoza 2-0 dhidi ya Tunisia, wakasawazisha ndani ya dakika chache kipindi cha pili, na mwisho wa kundi wakatupita kwa pointi moja tu na kwenda Kombe la Dunia kule Urusi. Miaka minane imepita, kizazi kingine, ugonjwa uleule: tukiongoza mabao mawili hatujui tufanye nini na mpira. Tunarudi nyuma wote, tunaubutua, unarudi. Hapo ndipo palipokuwa na haki ya kusema hatujaendelea.

Lakini tazameni yaliyofuata. Novemba, katika mchujo wa Afrika kule Rabat, Cameroon walifungwa na Chancel Mbemba dakika ya 91. Siku tatu baadaye Nigeria walipata bao mapema kabisa. Zamani, bao la mapema kutoka kwa Nigeria lingetuvunja. Meschack Elia alisawazisha, timu ikatulia, mechi ikaenda mpaka mwisho wa nyongeza, na Desabre akamwingiza kipa Timothy Fayulu kwa ajili ya penalti tu. Tukashinda 4 kwa 3. Desemba tukakutana na Senegal tena, kule Tangier. Bakambu akafunga, Mané akasawazisha muda mfupi baadaye, na safari hii hatukuanguka. Hayo ni maendeleo ninayoweza kumwonyesha mtu kwa kidole.

Algeria walihitaji karibu dakika 120 na mchezaji aliyetoka benchi. Ndiyo, benchi lao ni refu kuliko letu, na hilo ni tatizo la kweli. Wakati wao wanaingiza mtu mwenye miguu mipya anayeweza kuamua mechi, sisi tunaingiza mtu wa kushikilia. Lakini kufungwa namna hiyo na Algeria si kurudi nyuma.

Kipigo ninachotaka tukijadili ni kingine kabisa, na sijasikia mtu hata mmoja Lubumbashi akikitaja. Novemba 2023 tulifungwa 1-0 na Sudan, timu iliyokuwa ikicheza mechi zake za nyumbani nje ya nchi yake kwa sababu ya vita. Kundi letu la kufuzu Kombe la Dunia lilipokwisha, Senegal walikuwa na pointi 24, sisi 22. Ongezeni zile tatu za Sudan: 25. Tungekwenda Kombe la Dunia moja kwa moja hata baada ya kilio cha Kinshasa. Tiketi tuliipoteza siku ile, miaka karibu miwili kabla ya bao la Sarr, na hakuna aliyelia kwa sababu kufungwa na Sudan tulikuona kama ajali tu.

Timu inayokua inaonekana zaidi pale inapokutana na aliye chini yake. Mbele ya mkubwa kila mtu anakimbia, hata aliyechoka. Mbele ya mdogo ndipo unajua kama kuna mpango.

Na kuna maendeleo ambayo siyaoni, nisipoyasema nitakuwa nawadanganya wasomaji. Timu hii ya Desabre imekusanywa zaidi kutoka Ulaya, na sina neno baya juu ya vijana hao. Aliyezaliwa Brussels au Paris akachagua jezi yetu ni ndugu yangu. Ila mwaka 1974 kipa Kazadi alitoka Mazembe, hapa hapa. CHAN, kombe la Afrika la wanaocheza katika ligi za nchi zao, tulilichukua 2009 na tena 2016. Agosti 2025 tulitolewa kwenye makundi: tulifungwa na nchi ya Kenya 1-0, na Morocco 3-1. Ligi yetu inasimama na kuanza tena bila raia kuelewa, na wanaoumia ni vijana wa mitaa yetu ya Katuba na Kenya wanaocheza kwenye vumbi jekundu wakiwa hawajui msimu utaisha lini. Kipigo cha Agosti kinapima mpira wa hapa kwetu kuliko kile cha Rabat. Viongozi wa soka wanapenda tuzungumze juu ya Algeria, maana huko wanapata sifa ya kufungwa kiume. Juu ya kipigo cha nchi ya Kenya hawajatoa maelezo yanayoniridhisha.

Ratiba iliwapangia Leopards kwenda Mexico Machi 2026 kucheza mechi ya mwisho ya kutafuta Kombe la Dunia, dhidi ya Jamaica au New Caledonia. Hakuna kati ya hao anayelingana na Algeria au Senegal. Mapema kabisa nilisikia watu wakipanga safari ya kundi la Kombe la Dunia lenye Portugal na Colombia, kama vile mechi yenyewe ilikuwa imekwisha kuchezwa. Mimi ningeomba Desabre aache video ya Algeria kabatini, awakalishe vijana mbele ya ile ya Sudan, dakika zote 90.