Nchi Ikifuliza

Aprili 2021 ilitukuta tumefungiwa. Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zilikuwa zimekatwa na nchi nzima, baa zimetiwa kufuli, na biashara ya mitumba ya rafiki yangu imebaki marobota mawili sebuleni, watoto wanayakalia wakitazama katuni. Ndipo IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, ikatangaza kwamba imeiidhinishia Kenya mkopo wa dola bilioni 2.34.

Wakenya wakafurika kwenye kurasa za IMF mitandaoni kuomba wasikopeshwe. Zaidi ya watu 200,000 wakatia saini ombi la kuusimamisha mkopo ule. Nimeona wadaiwa wakijificha chini ya kitanda, nimeona wakizima simu, lakini mdaiwa kumfuata mkopeshaji mpaka mlangoni na kumwambia "tafadhali, usinipe", hilo lilikuwa jipya kwangu. Mimi mwenyewe niliandika kwamba siku ya kudai wampigie aliyechukua, namba yangu waifute. Yeyote aliyewahi kupigiwa simu usiku na watu wa apu za mikopo kwa sababu shemeji yake hajalipa alinielewa.

Ndani ya mzaha ule mlikuwa na hesabu. Miezi mitatu tu kabla yake, Januari, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa amesema mwenyewe kwamba zaidi ya shilingi bilioni 2 zinaibwa serikalini kila siku. Mkopo wa IMF kwa shilingi ulikuwa kama bilioni 257. Gawanya. Unapata miezi minne na siku chache za wizi wa kawaida. Sasa mtu akija na picha ya ndoo iliyotoboka na kuandika chini yake "asanteni kwa maji", amekosea wapi?

Mambo haya lugha yetu iliyazoea kabla ya wachumi kuanza kutuelezea. Kufuliza, kwa Kiswahili cha kale, ni kufanya jambo mfululizo bila kupumua. Mvua hufuliza, mgonjwa hufuliza kukohoa. Tangu 2019 Fuliza ni ule mkopo wa M-Pesa unaokumalizia malipo salio likipungua, na nadhani hakuna jina la biashara lililowahi kusema kweli kiasi hicho. Halafu kuna Okoa Jahazi, ambapo unakopa muda wa maongezi na ada ya asilimia kumi inakatwa kabla hujasema "halo". Kwa hiyo Februari 2024, serikali ilipouza hatifungani, yaani hati ya kukopa kwa wawekezaji, ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili ianze kuilipa ile ya 2014 iliyokuwa na riba ya asilimia 6.875 na inaiva Juni, mtaani hapakuhitajika mkalimani. Kukopa kwa apu moja ulipe apu nyingine, tena ghali zaidi, ni kitu ambacho kinyozi wangu amekifanya mara nyingi. Tofauti ni kwamba kinyozi hakupigiwa makofi kwa kutuliza soko.

Mizaha hiyo naipenda na sitaki mtu aniambie kwamba kucheka shida ni upuuzi. Inarushwa juu, inawapata wenye suti. Ila kuna ndugu yake mmoja anayenikera.

Huyo ni mzaha wa msaada. Mtu anaonyeshwa kwenye taarifa ya habari, maji ya mafuriko yamemfika magotini, amalizia kwa yale maneno ya siku zote, "tunaomba serikali itusaidie", na kabla taarifa haijaisha sauti yake imeshakatwa na kufanywa kichekesho. "Serikali saidia" sasa tunaisema hata soksi ikitoboka. Nimeisema mimi pia. Lakini sikiliza anayechekwa ni nani.

Chukua unga wa mia. Tarehe 20 Julai 2022, zikiwa zimesalia wiki zisizotimia tatu tupige kura, serikali ilitangaza pakiti ya kilo mbili ishuke kutoka shilingi 205 hadi 100. Nilikwenda kuutafuta kwenye duka moja kubwa. Rafu tupu, kibandiko cha bei kimesimama peke yake kama askari aliyesahauliwa na kikosi. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu akamwambia kijana wa duka, "Basi mwanangu, niuzie hiyo karatasi nikaisonge." Tulicheka mpaka mlinzi akaja kutazama.

Jioni ile simuni mzaha ulikuwa umegeuka. Picha za akina mama wakigombania pakiti, na chini yake maneno ya kwamba Mkenya kwa cha bure atauza hata mama yake. Cha bure kipi? Ruzuku ilipitia kwa wasagaji, mama yule alikuwa ameshika mia yake mkononi. Septemba 13, siku ya kuapishwa, Rais William Ruto akasema ruzuku ya unga ilimeza shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila kuleta nafuu. Katika hotuba hiyohiyo akataja bilioni 144 zilizokwenda kwenye ruzuku ya mafuta. Hapo ndipo sikuona mzaha hata mmoja. Mwenye gari kubwa, anayejaza tangi Ijumaa aende Naivasha, alipokea msaada wa serikali kila alipokanyaga mafuta, na mwenye bodaboda akapata wa lita mbili. Hakuna aliyempiga picha yule wa kwanza akiwa ameinua mikono kuomba. Hakupanga foleni, pampu ilimfanyia adabu.

Hustler Fund nayo, mfuko wa serikali wa mikopo midogo, Novemba 2022 ilitangazwa kwa ngoma kama zawadi, na wengi wakafungua simu wakakuta wameruhusiwa kukopa mia tano, walipe baada ya siku 14. Nilicheka pale, nakiri. Zawadi unayoirudisha na riba inastahili kuchekwa.

Mwaka 2024 Ruto alisema katika kila shilingi 100 za kodi, 61 zinakwenda kulipa deni. Vijana walikuwa wameshampachika jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, na mwezi wa Juni wakamwimbia ashuke mtini, mkate ukiwa umepangiwa kodi ya asilimia 16. Muswada huo wa fedha uliondolewa, baada ya watu kufa. Sina mzaha wa kuweka hapo.

Shangazi yangu wa Kisauni ana miaka sabini na minne na yumo kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi. Mpwa wake mmoja, mwenye kazi nzuri mjini, humtania kwamba anakula hela za bure. Shangazi alichuuza samaki miaka arobaini, na kila siku ya soko alimlipa karani wa ushuru kabla hajauza hata changu mmoja. Hela hizo hazina tarehe. Hukaa miezi miwili, hukaa mitatu, kisha zikaja kwa pamoja kama mgeni aliyepotea njia. Muda wote huo anakopa sukari na unga kwa Mpemba wa duka la kona, na Mpemba anaandika.

Mwezi uliopita nilikuwa naye dukani. Mwenye duka, kwa heshima zote, akamwambia, "Bibi, daftari lako limeanza kuwa refu."

Shangazi akalivuta daftari, akalitazama kama anayesoma kweli, akalirudisha. "Mwanangu, jina umekosea. Hapo juu futa langu, andika la serikali. Mimi nimekuja kuchukua tu."

Akaongeza robo ya majani ya chai.