Hodi Si Ruhusa ya Kuingia

Mwanamume aliyebisha hodi getini kwetu Tabata alasiri ile alikuwa amevaa kizibao cha rangi ya machungwa chenye mistari inayong'aa, na kwapani alibana faili. Alimwambia binti anayetusaidia kazi za nyumbani kwamba ametumwa kukagua mabomba kwa sababu kuna maji yanavuja mtaani, akamtaja mume wangu kwa jina, na geti likafunguliwa. Alizunguka uani kidogo, akaandika mambo fulani kwenye karatasi zake, kisha akaomba maji ya kunywa. Binti aliporudi kutoka jikoni hakumkuta mtu, na kompyuta iliyokuwa mezani sebuleni pamoja na simu mbili zilizokuwa kwenye chaji zilikuwa zimekwenda. Niliporudi jioni niliikuta ile glasi bado juu ya ukingo wa karo, imejaa maji.

Nilimfokea sana. Nilimuuliza kwa nini alifungua, naye akanijibu kwa sauti ya chini: "Mama, alikuwa mtu mzima, na kamtaja baba kwa jina. Ningemwambiaje asiingie?" Sikulala vizuri usiku ule, na si kwa ajili ya kompyuta. Katika miaka miwili aliyokaa nasi nilikuwa nimemweleza namna ya kupika, kufua na kumwogesha mtoto, lakini sikuwahi hata siku moja kumwambia kwamba ana haki ya kumkatalia mtu mzima mlangoni. Nilimkabidhi ufunguo wa nyumba, nikabaki na mamlaka ya kukataa. Naamini ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi za mjini: wanaofungua mlango mchana ni binti wa kazi, mtoto aliyetoka shule na bibi mzee, na hao ndio tuliowalea waone kwamba kumnyima mkubwa njia ni utovu wa adabu.

Watu husema kwamba tahadhari za mlangoni ni mambo ya kigeni, na kwamba Mswahili hamfungii mgeni mlango, kwa kuwa mgeni njoo mwenyeji apone. Nadhani wanaosema hivyo wameisahau nusu ya desturi yenyewe. Nimelelewa na bibi yangu Ngamiani, Tanga, katika nyumba yenye baraza mbele, na kwake hodi ilikuwa ni kuomba, si kutangaza kwamba mtu anaingia. Mtu alipobisha, bibi aliuliza akiwa ndani: "Nani?" Akijibiwa "Mimi," hakuinuka, bali aliuliza tena: "Mimi nani?" Aliyebisha alipaswa kutaja jina lake, na kama halikutosha, ataje mama yake na nyumba anayotoka. Baada ya hapo ndipo alipokaribishwa, na mara nyingi alikaribishwa barazani, kwenye mkeka, akaletewa maji na kahawa, akasema lililomleta na kuondoka bila kuiona sebule. Kama mwenye nyumba mwanamume hakuwepo, mgeni mwanamume hakutarajia kabisa kuvuka kizingiti. Hakuna aliyeona kwamba amedharauliwa, kwa sababu kila mtu mtaani alifanyiwa hivyo hivyo.

Chuoni nako tulifundishwa jambo hilo hilo. Sura ya An-Nur, aya ya 27 na ya 28, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na kuwasalimia wenyewe, na inasema kwamba wakiambiwa warudi, warudi. Mwalimu wetu alituhadithia pia habari ya Jabir, aliyebisha mlango wa Mtume, akaulizwa ni nani, akajibu "Ni mimi," na Mtume akalirudia neno hilo, "mimi, mimi," kama asiyeridhika nalo. Hodi ni tatu, alituambia, na asiyeitikiwa baada ya tatu anakwenda zake. Majirani zetu Wakristo hawakusoma chuo kile, lakini milangoni mwao utaratibu ulikuwa huo huo.

Kilichobadilika ni nyumba na mitaa. Baraza ya bibi ilitazamana na baraza nyingine nne au tano, na mgeni aliyesimama pale alionekana na wauza vitumbua, wazee wa bao na watoto waliokuwa wakicheza. Leo tumejenga kuta ndefu, tumeweka geti la bati zito, na juu tumepachika vipande vya chupa au nyaya za umeme. Ukuta huo unamzuia mtu akiwa nje, lakini akishaingia kwa mlango na geti likajifunga nyuma yake, ukuta ule ule unamficha yeye. Jirani hasikii wala haoni. Ndiyo maana nasema kwamba mazungumzo yote na mtu asiyefahamika yafanyike yeye akiwa upande wa barabarani, geti likiwa na komeo, kupitia kidirisha au kwenye grili ya dirisha. Fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kukata kidirisha cha ukubwa wa kiganja kwenye geti na kukiwekea kifuniko kinachofungwa kwa ndani. Sisi tulikiweka wiki iliyofuata, na kwa maoni yangu kina manufaa kuliko vile vipande vya chupa.

Sababu ambazo watu huja nazo mlangoni nyingi zinaweza kupimwa papo hapo bila ugomvi. Umeme wa LUKU hulipiwa kabla ya kutumika, kwa hiyo hakuna msomaji anayepita kila mwezi. Wakaguzi wapo kweli, lakini mkaguzi wa kweli hana sababu ya kukasirika ukimwambia asubiri nje huku ukipiga simu ofisini kwao, kwa namba iliyo kwenye bili yako, si kwa ile anayokutajia yeye. Anayedai fedha taslimu mlangoni kwa niaba ya taasisi ya serikali amekwisha kujifichua, kwa kuwa malipo hayo siku hizi hufanyika kwa kontroo namba. Wakati wa Sensa ya mwaka 2022, karani aliyefika kwetu alikuwa na kitambulisho shingoni na aliongozana na mjumbe wetu, mtu tunayemfahamu kwa sura, nasi tukamjibu kila alilouliza tukiwa tumekaa chini ya mwembe. Huo ndio mfano ninaoutaka: anayekuja kwa kazi ya umma aje na mtu wa mtaa. Hata kwa askari waliokuja kupekua, Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inalinda faragha ya maskani ya mtu, na si kosa kuomba kuona vitambulisho na hati, wala kuomba mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa aitwe awe shahidi. Kama kuna mashaka, namba ya dharura ya polisi ni 112, na namba ya mwenyekiti inafaa kubandikwa ukutani pale pale penye ufunguo.

Jambo la kutaja jina la mwenye nyumba linanihangaisha kuliko yote. Jina la mume wangu linajulikana dukani, kwenye kijiwe cha bodaboda na kanisani kwa jirani alikokwenda harusini. Kulitaja hakuthibitishi kwamba mtu ametumwa naye. Kwetu sasa, mtu akisema ametumwa na baba, anaulizwa neno ambalo tumelichagua wenyewe na tunalibadilisha kila baada ya muda. Mtoto wetu wa miaka tisa analijua, na anajua pia kwamba hasemi "mama hayupo." Anasema, "Subiri hapo nje, naita mtu," kisha anakwenda kumwita dada yake au ananipigia mimi. Anayeomba maji anapewa maji kwa kupitia kidirishani, katika kikombe cha plastiki. Ukarimu haukupungua chochote kwa kupita kwenye tundu la ukubwa wa kiganja.

Nilimwomba binti yule radhi, tukaketi pamoja na mume wangu, naye akamwambia mbele yangu kwamba akimkatalia mtu na mtu huyo akaja kulalamika, lawama itatufikia sisi, si yeye. Mwezi uliopita shemeji yangu alifika kutoka Korogwe bila taarifa, akiwa na kiroba cha machungwa begani. Binti alikuwa hajawahi kumwona. Alimsalimia vizuri, akamwomba asubiri, akampitishia stuli juu ya geti kwa kuwa jua lilikuwa kali, kisha akanipigia simu na kunisomea jina lake lote. Shemeji alikaa nje dakika saba, na nilipomwambia binti afungue nilimsikia kwenye simu akisema, "Karibu ndani, baba, samahani kwa kukuweka," na shemeji akajibu kwamba hata kwao ndivyo alivyowaagiza watoto wake.