Sikuangukia Kwenye Pilau

Kwanza tuwekane sawa. Shoga yangu mmoja, anajijua na leo asinipigie, ametupia kwenye magrupu yote ya Mtwara kwamba nimeangukia sufuria la pilau pale Shangani mbele ya mgeni rasmi. Uongo mtupu. Sikuangukia pilau. Niliikalia. Tena pembeni, na kwa muda mfupi.

Kila tukivunja kikoba huwa tunacheza ufukweni: kuvuta kamba, kukimbia na magunia, kukimbiza kuku. Safari hii mdomo wangu huu ukasema jamani, tumezeeka na kuku, tucheze gofu. Wakauliza, gofu unaijua? Nikawaambia nimekaa Dar miaka miwili, kutwa niko kwenye uwanja wa gofu. Hilo ni kweli kabisa. Nilikuwa getini nauza maandazi.

Nikawashushia na vitu nilivyosoma kwenye simu. Kuna kombe la dunia la timu za wanawake wa ridhaa, Espirito Santo Trophy, lilianza Ufaransa mwaka 1964, na Ufaransa wenyewe wakalibakiza nyumbani kwa kuwapita Wamarekani mkwaju mmoja tu. Timu ina watu watatu. Wanacheza siku nne, mashimo 18 kwa siku, na kila siku wanahesabiwa wawili waliopiga mikwaju michache. Alama ya yule wa tatu inatupwa.

Hapo kwenye inatupwa ndipo roho yangu ilipotulia. Nikajipanga wa tatu.

Sisi wa Shangani tukajiita Ufaransa kwa kuwa ni wenyeji. Wenzetu wa Ligula wakachukua Marekani, ila walikuwa wawili, ikabidi wamchomeke mama mkwe wa mweka hazina, bibi wa Mikindani aliyekuja zake kula. Kaka yangu alinitumia fimbo mbili na mipira sita kwa basi. Maji yalipokupwa tukafukia makopo sita ya maziwa mchangani, uwanja huo. Kombe letu lilikuwa hotpoti kubwa. Msicheke, lile hotpoti mimi nilikuwa nimeshalipangia kabati.

Nilicheza kwa raha zangu. Shimo la pili nilipiga mikwaju tisa huku nimeshika mng'oko mkono mmoja. Nilipiga picha. Bibi yeye alikuwa anausukuma mpira polepole kama anafagia uwanja, hasemi na mtu.

Sasa subirini. Mtoto wa mwenyekiti anayeandika alama akapaza sauti: Ufaransa 61, Marekani 61. Nikapiga makofi, nikasema basi tugawane. Mweka hazina akafungua daftari la kikoba, lile la madeni, akaweka kidole kwenye mstari.

Maana ni mimi, wiki moja kabla, niliyewasimulia kwamba mwaka 2022, huko huko Ufaransa, Uswidi na Marekani walimaliza sawa, ikabidi iangaliwe alama ya mchezaji wa tatu ya siku ya mwisho, ile isiyohesabiwa, na Uswidi wakabeba kombe. Nilisimulia kama hadithi ya kusindikizia chai. Yeye aliiandika. Mwanamke anayekumbuka deni la shilingi mia tano la mwaka juzi, mimi nikampa kanuni!

Bibi alikuwa amemaliza na 44. Mimi nilikuwa na 41 na shimo langu la mwisho sijalimaliza. Kopo liko hatua kumi mbele yangu. Mikwaju miwili tu, hotpoti letu.

Watu wakanyamaza. Nikasikia mpaka mawimbi. Mgeni rasmi akasogeza kiti ili aone vizuri. Shoga yangu akatoa simu. Mtu mwenye akili angechukua fimbo fupi akausukuma mpira taratibu, kama bibi. Mimi nikakumbuka wale mabwana wa Dar niliokuwa nawachungulia kupitia geti, wanavyojipinda kiuno. Nikachukua fimbo ndefu. Nikapanua miguu ndani ya dera. Nikainua fimbo juu ya bega, nikatulia hapo kidogo, kwa ajili ya video.

Nikashusha.

Mpira ulilia ko! kwenye shina la mnazi. Ukarudi. Nakwambia niliuona unarudi, mweupe, hauna haraka, ukanipita sikioni, ukapita juu ya mkeka wa wazee, watu wote wanaufuata kwa shingo. Na wapishi nao, Mungu awasamehe, ndio kwanza wametua sufuria chini na kufunua. Chubwi! Hata haukuruka. Uliingia kama uliokuwa umealikwa.

Nikasema basi, turudie. Bibi, ambaye tangu asubuhi hajatia neno, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, si ulitufundisha mpira unapigwa pale ulipo?"

Nikaenda. Ningefanyaje? Nikasimama juu ya sufuria na fimbo, mvuke unanipanda usoni, kipande cha mpira kinachungulia kati ya viazi. Nikapiga. Wali ukaruka, nyama ikaruka, shati la mgeni rasmi likapata vyote viwili. Mpira ukazama zaidi. Nikajipinda kwa nguvu nipige tena, mguu wa nyuma ukakanyaga dera, na hapo ndipo nilipokaa. Pilau ilikuwa ya moto, wadau. Mpaka leo naandika haya nimelalia ubavu.

Yaliyobaki ni mafupi. Mweka hazina akasema gofu inatoa dakika tatu za kutafuta mpira, akawasha saa ya simu, wapishi wakakoroga kwa upawa, dakika tatu zikaisha. Hotpoti likaenda Mikindani. Mgeni rasmi akapewa kitenge. Pilau ililiwa yote, msijifanye mlikuwa hamna njaa. Usiku kaka akanipigia akicheka hadi anakohoa: kumbe ukiona mpira haupigiki, unajiongezea mkwaju mmoja wa adhabu, unautoa, unaudondosha pembeni. Mkwaju mmoja! Ningemaliza na 44 sawa na bibi, kama ningeingiza.

Sasa ananidai mipira yake sita na mimi ninayo mitano. Aliyepakuliwa upande wa kushoto wa sufuria naomba aje inbox, sitamuuliza mengi.