Boti ya pontuni si matatu

Mtu wa Nairobi akinunua boti kuukuu ya pontuni ya kuvulia samaki Naivasha, ile yenye sakafu bapa juu ya maboya mawili ya alumini, mawazo yake yote huenda kwenye viti na muziki. Mimi nasema pesa ya kwanza iende kwenye nyaya, na zile za zamani zing'olewe zote. Kuungaunga hakufai.

Chuna plastiki ya waya uliokaa miaka kando ya maji uone. Shaba imekuwa nyeusi, na penye kiungo kuna unga wa kijani unaobaki vidoleni. Waya huo bado utawasha taa ndogo, ndiyo maana utaambiwa uko sawa. Upe mzigo wa pampu uone unavyopata moto.

Kubwa zaidi ni hasi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye betri. Mafundi wetu wa umeme wa magari, wale wa Kirinyaga Road na Industrial Area, ni hodari, na ndio tulio nao. Lakini gari limewazoesha kufunga hasi kwenye bodi. Kwenye boti ya alumini hilo ni balaa: umeme unaotorokea majini kupitia maboya huila alumini, ukitoboa vitundu chini ya maji usivyoviona, hadi siku boti inapoanza kulala upande. Kila taa na kila pampu iwe na waya wake wa hasi unaorudi hadi kwenye betri. Simama pale kazi ikifanyika na useme wazi, "Fundi, bodi usiiguse."

Unene nao usipuuzwe. Waya wa taa za nyumba, ule wa milimita mraba 1.5, umezoea volti 240. Kwenye volti 12, pampu ya ampea 10 iliyo mita 6 kutoka kwa betri itapoteza karibu volti 1.4 njiani. Ukiweka wa milimita mraba 6, hasara inashuka hadi volti 0.4 hivi. Ukipata shaba iliyopakwa bati, nunua hiyo hata kama bei inauma. Fyuzi kuu ikae karibu kabisa na betri, maana kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina kinga kikipiga shoti.

Betri ziwe mbili. Ya kuwashia injini isiguswe na kitu kingine. Ya kambi, yaani ya friji na taa za usiku, iwe betri ya sola, maana betri ya gari hufa mapema ikimalizwa kila usiku. Friji ndogo inayovuta wastani wa ampea 2 itakula ampea-saa 24 (ampea 2 mara saa 12) kutoka jioni hadi asubuhi. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 inabeba hiyo pamoja na taa za LED bila kushuka chini ya nusu.

Taa nyekundu kushoto, ya kijani kulia, na nyeupe inayoonekana pande zote; mkiwa mmetia nanga, iwake nyeupe pekee. Naivasha ina viboko, na tangu ziwa lipande kuna miti iliyokufa ikiwa imesimama majini. Sitaki kusikia kwamba taa ya kumulikia imekataa kuwaka saa mbili usiku.

Mwisho, fundi akuchoree ramani ya nyaya zote, kila waya na namba yake, uifunike kwa plastiki na kuibandika ndani ya kifuniko cha swichi. Atakayeitengeneza mwaka ujao huenda akawa mwingine.