Ukienda na watoto kuona samaki, tafuta mahali mkae

Wazazi wenzangu tulioko ughaibuni tuna ugonjwa mmoja: tukishalipa kiingilio, lazima kila senti irudi. Tunawaburuza watoto ukumbi hadi ukumbi, "njoo uone hiki, haya twende kule, mbona umesimama?" Ikifika saa nane mchana mdogo amelala begani, mkubwa analia, na simu imejaa picha za visogo vya watu. Mimi nasema hivi: ukiwapeleka watoto wadogo Georgia Aquarium, jumba la kuonyesha samaki hapa Atlanta, Marekani, hesabu kwamba umelipia kukaa chini mbele ya kioo kikubwa. Mengine mkiyaona ni nyongeza.

Jumba lenyewe lilifunguliwa Novemba 2005. Bernie Marcus, mmoja wa waanzilishi wa Home Depot, maduka ya vifaa vya ujenzi, alitoa dola milioni 250 lijengwe. Atlanta haina bahari, pwani ya karibu ni mwendo wa saa kadhaa kwa gari, kwa hiyo maji ya humo ni ya bomba yaliyotiwa chumvi. Tangi kubwa kuliko yote wanaliita Ocean Voyager, nalo linachukua zaidi ya lita milioni 23. Kwanza unapita kwenye handaki la kioo, samaki aina ya taa, wale bapa wenye mkia mrefu, wanaelea juu ya kichwa chako, na kila mtu anataka kupiga picha palepale. Usigande hapo. Songa mpaka kwenye ule ukumbi wa giza ambako ukuta mzima ni kioo, unene wake kama sentimita 60. Sakafuni panakalika. Kaeni.

Sisi tulikaa kwa sababu ya magoti ya mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Alitandika khanga yake, akanyoosha miguu, wajukuu wakamwegemea huku na huku. Kuanzia hapo sikuwa na kazi. Mama amekulia kwenye nyumba ya wavuvi na samaki anawajua kwa sura na kwa ladha. "Kolekole wale, tazama wanavyokwenda kundi. Yule mnene aliyejificha chini ni chewa. Chewa mvivu, anangoja chakula kimfuate." Vibao vya maelezo vipo, vimeandikwa vizuri tu, lakini hakuna kibao kitakachokwambia chewa ni mvivu.

Kisha akatokea potwe. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kupita mita 12, na madoadoa yake meupe yamejipanga mgongoni kama yamechorwa. Kwanza unaona kivuli, halafu kichwa kipana, halafu mwili unaendelea kupita, unaendelea, mpaka mwanangu wa kiume akasimama.

"Bibi, huyo anang'ata?"

"Hang'ati, mume wangu. Huyo anakunywa uji tu."

Na ndivyo hasa. Potwe anafungua mdomo na kuchuja viumbe vidogo vidogo vya majini. Pale wahudumu humlisha wakiwa kwenye viboti vya mpira juu ya tangi, wakimimina chakula kwa upawa. Mama alipoelezwa habari ya upawa alicheka hadi machozi. Kwao potwe ni hasara: akiingia kwenye jarife, nyavu zote zimekwisha.

Swali gumu aliuliza binti, ambaye hata miaka minne hajatimiza: "Anakwenda wapi?" Maana alishamwona akipita mara nyingi, kila mara kutoka upande uleule. Nilimwambia anazunguka. "Halafu?" Halafu anazunguka tena.

Hapa lazima niseme ukweli, hata kama nimelisifia jumba. Potwe wa kwanza kuletwa pale walitoka Taiwan, kwa ndege ya mizigo, na huko wakati ule walikuwa bado wanavuliwa kwa ajili ya nyama. Kwa hoja hiyo unaweza kusema waliokolewa. Lakini wawili wa mwanzo, Ralph na Norton, walikufa 2007. Mwaka 2012 jumba likaomba kibali cha kuingiza nyangumi weupe 18 waliokamatwa Urusi. Serikali ya Marekani ikakataa 2013, na mahakama ikaunga mkono uamuzi huo 2015. Mimi naona walikataliwa kwa haki. Samaki wengi mle ndani sina shida nao, kolekole ana nafasi ya kutosha. Kiumbe aliyezoea kuvuka bahari ni habari nyingine, na mtoto ukimpa muda wa kukaa ataliona hilo bila kuhubiriwa. Ukimkimbiza ukumbi hadi ukumbi hataliona.

Mengine kwa ufupi. Tiketi nunueni mapema mtandaoni. Kwenye dimbwi la kugusa taa, mtoto anyooshe vidole viwili, asishike. Onyesho la pomboo lina kelele nyingi za muziki. Wetu mdogo aliziba masikio, tukatoka, na sikujuta. Pengwini ndio waliowachekesha zaidi, kwa hiyo wawekeni mwishoni, mtoto atoke akiwa na furaha kabla hajafika dukani.

Kuna atakayeniambia: potwe si wako Mafia? Wako, na kuanzia Oktoba hadi Machi maboti yanatoka Kilindoni kwenda kuwaona wakiwa huru. Nimeshafikiria. Lakini pale unavaa miwani ya majini na kujitosa, na mtoto wa miaka mitatu utamtosa vipi? Juu ya boti ataona pezi na kivuli, jua likimchoma. Wakijua kuogelea tutakwenda, na Mama ameshasema yeye atabaki pwani na chai yake, potwe ameshamwona.