Usiulize tu kama ni otomatiki

Mpwa wangu ni muuguzi. Anakaa Ongata Rongai, kazi yake ya zamu iko upande wa Ngara, na kila baada ya wiki tatu hivi hupanda Kangema, kwenye milima ya Murang'a, kumwona mama yake. Juzi alinipigia simu. "Mjomba, nimetimiza pesa ya gari. Dogo tu, lisilo na buti. Fundi wa baba ananiambia nichukue la gia za mkono, wenzangu kazini wanasema nikifanya hivyo nitajuta. Nimsikilize nani?"

Namjibu kwa kirefu, maana swali lake ndilo la kila anayezunguka yadi za magari za Ngong Road na Kiambu Road siku ya Jumamosi, bahasha mfukoni na fundi ubavuni. Wanaomshauri wote wawili wana ukweli. Ila kila mmoja ameshika kipande chake.

Kwanza ajue kwamba sehemu kubwa ya uamuzi huu ilishafanywa Japani kabla meli haijatia nanga Mombasa. Vitz, Fit, Demio, Note, Swift, Passo: magari haya hutufikia yakiwa yametumika huko, na kanuni zetu haziruhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Japani ilianza kutoa leseni ya otomatiki pekee mwaka 1991, na siku hizi gari jipya la klachi, yaani la gia za mkono, huko ni la kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo anayetaka Vitz ya gia za mkono hapa Nairobi hajawekewa sahani mbili mezani achague. Akitaka klachi kwa haraka, mara nyingi huangukia Golf au Polo iliyotoka Uingereza, au gari la zamani ambalo limeshapita mikono minne mitano hapa hapa nchini. Huko anabeba na mizigo mingine: umri, kutu, spea za bei.

Wenzake kazini wana hoja nzito kuliko wanavyojua kuieleza. Mtu atoke Ngara saa kumi na mbili jioni, apite Globe, aingie Uhuru Highway, akate Lang'ata Road. Kuanzia Nyayo hadi Bomas kuna siku utasogea urefu wa gari moja, usimame, usogee tena, usimame. Klachi chini, gia ya kwanza, achia nusu, klachi chini, breki. Njia hiyo nimeipita miaka mingi kwa gari la klachi, na nakumbuka vizuri jinsi goti la kushoto linavyoanza kutetemeka lenyewe ukifika mzunguko wa pili, na jinsi matatu ya nyuma yako inavyokugusa kwa taa ukiteleza nyuma hatua moja tu mlimani. Mtu aliyesimama wodini kwa muda wa saa 12 hana haja ya kuongezewa hayo. Madereva wa teksi za programu walilijua hili mapema. Tangu Uber iingie Nairobi mwaka 2015, wengi wa wanaoshinda barabarani kutwa wameegemea otomatiki ndogo, na hao ni watu wanaohesabu mafuta kwa kikombe.

Hapo nitupilie mbali neno moja ambalo mpwa wangu ameambiwa na wanaume wawili tofauti, kwamba otomatiki ni gari la wanawake. Neno hilo halina fundi ndani yake wala dereva. Mguu wa kushoto hauna jinsia, na foleni ya Thika Road haimuulizi mtu.

Hoja ya mafuta, kwamba otomatiki hula zaidi, nayo imepitwa na wakati. Ilikuwa kweli enzi za otomatiki za gia nne, ambazo zilikuwa zikila zaidi ya klachi na hakuna aliyebisha. CVT, yaani otomatiki za puli na mkanda wa chuma, zilizopo kwenye magari madogo ya leo zinalingana na klachi, na mara nyingi huishinda katika mwendo wa mji, kwa sababu hushikilia injini kwenye mzunguko inaopenda. Petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita mwaka 2023, niliona watu wakiuza magari ya injini kubwa. Sikuona mtu akiuza otomatiki ndogo ili akanunue ya klachi.

Sasa nirudi kwa fundi wa baba yake, kwa maana huyu mzee hasemi ovyo. Gari la klachi lina sahani, kifuniko chake na beringi. Likitunzwa, klachi huweza kwenda kilomita 100,000 na zaidi, na ikiisha hubadilishwa kwa siku moja, iwe Kariobangi au Kangema kwenyewe, na fundi yeyote aliyekomaa anaijua. Betri ikifa, vijana watatu wanalisukuma, unaingiza gia ya pili, linawaka. Gari la otomatiki likizima njiani huliburuti hivi hivi kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, kwa kuwa injini ikiwa imezimwa pampu haisukumi oili na vyuma vinasagana vikavu. Na giaboksi ya CVT ikifa, mafundi wengi wetu hawaifungui. Unatumwa Kirinyaga Road kununua nyingine iliyotolewa kwenye gari lenye umri uleule, ambayo hujui ilivyoishi. Tofauti ya bei kati ya seti ya klachi na hiyo giaboksi ndiyo inayomkosesha mzee usingizi kwa niaba ya mtoto wa mwenzake.

Hili lilinipata. Gari langu la kwanza la otomatiki, la CVT, nililipeleka gereji moja kubadilishiwa oili ya giaboksi. Kijana akamimina oili nyekundu kutoka kwenye dramu, akaniambia, "Bosi, hii inaingia zote." Baada ya wiki sita hivi, nikipanda Museum Hill, injini ikavuma juu kama imeachwa huru huku gari likikaa palepale, kisha likashtuka mbele ghafla. Mwezi haukuisha giaboksi ikawa imekufa.

Kilichotokea si muujiza. Ndani ya CVT hakuna gia za kupanda na kushuka. Kuna puli mbili zinazopanuka na kujibana, na mkanda wa chuma unaopita kati yake. Chuma kinashika chuma kingine katikati ya oili. Oili ile imetengenezwa ilainishe na wakati huohuo iruhusu mshiko, na hiyo ni kazi ambayo oili ya otomatiki ya kawaida haikuandaliwa kuifanya. Ukiweka isiyofaa, mkanda unateleza, unachuna uso wa puli, na uso huo ukishachunika haurudi. Ndiyo maana kopo huandikwa alama yake: TC au FE kwa Toyota, HCF-2 kwa Honda, NS-2 au NS-3 kwa Nissan. Alama hizi si mapambo ya muuzaji. Fundi akikwambia zote ni sawa, chukua funguo zako.

Hapa ndipo ninapoona mjadala mzima umekaa vibaya. Watu wanabishana klachi na otomatiki, na wakati huohuo neno otomatiki limeficha mashine tatu zisizofanana. Ipo hiyo CVT, ambayo imo katika Vitz nyingi, Note nyingi, na Swift za miaka ya karibuni. Ipo otomatiki ya asili, yenye gia halisi na kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, kama ile ya gia sita iliyo kwenye Demio iliyotoka kuanzia 2014. Hii huvumilia jua na milima yetu vizuri zaidi, na mafundi wanaoielewa ni wengi. Halafu ipo ya klachi mbili zinazobanwa na kuachiwa na kompyuta. Fit ya haibridi iliyotoka 2013 ina hiyo, na Honda ililazimika kuwataka wenye magari hayo huko Japani wayarudishe mara kadhaa yarekebishwe ndani ya mwaka mmoja na kidogo. Polo na Golf nyingi za otomatiki zina ya aina hiyo pia. Ndani yake ni klachi kama ya mzee wetu, na katika kusogea-simama kwa Lang'ata Road inapata moto kama klachi nyingine yoyote, ila ukarabati wake unataka kompyuta na fundi aliyeisomea. Mnunuzi anayeuliza "ni otomatiki?" akajibiwa "ndiyo" bado hajajua ananunua nini.

Kangema nayo ina neno lake. Kushuka milima ya Murang'a, au ule mteremko wa Mai Mahiu, dereva wa klachi hutia gia ya tatu au ya pili bila kufikiri na injini inalizuia gari. Dereva wa otomatiki mara nyingi huacha kigingi cha gia kwenye D, ile ya mwendo wa kawaida, akakanyaga breki mpaka mwisho wa mteremko, na ukikaribia gurudumu lake utasikia harufu ya breki kuungua. Si kosa la mashine. Pale kwenye kigingi kuna L, au S, au B, au alama ya kujumlisha na kutoa, iliyowekwa kwa kazi hiyo hiyo. Wengi hawajawahi kuigusa tangu watoke yadi, kwa kuwa mafunzo yetu mengi yalikuwa kwa gari la klachi na hakuna aliyerudi kuwafundisha hili. Katika mambo yote ya mjadala huu, hili ndilo linaloniogopesha. Giaboksi ikifa umepoteza pesa. Breki zikifa mteremkoni hatuzungumzi tena habari ya pesa.

Kuhusu kuuza tena sina mengi. Gari dogo la klachi hapa mjini hupungua bei na husubiri mnunuzi muda mrefu. Probox ya klachi, ya kubeba mboga, ni habari nyingine kabisa.

Basi, kwa mtu anayeishi mashambani, au anayejua atakaa na gari miaka kumi mbali na fundi mwenye vifaa, ningemuunga mkono mzee bila kusita. Kwa mpwa wangu, mwenye Lang'ata Road mara kumi kwa wiki na Kangema mara moja kwa wiki tatu, nilimwambia achukue otomatiki, lakini ya gia halisi akiipata, na kama ni CVT basi aone karatasi za oili ilivyobadilishwa. Nikamwambia pia ajaribu gari likiwa limeshapata moto, maana likiwa baridi huficha mengi: alisimamishe mlimani, aachie breki, akanyage taratibu, asikilize kama injini inatangulia na gari linabaki.

Alipata Demio ya 2016. Wiki ya kwanza tukaliweka juu ya jeki kwa fundi yuleyule wa baba yake, mzee akiwa bado amenuna kidogo. Mpwa wangu alikuwa ameshika kopo la oili ya giaboksi mkononi, FZ ya Mazda, na kuisoma ile alama mara mbili kabla ya kumpa. Oili hiyo ikiwa mpya ni ya bluu. Iliyotoka ndani ilikuwa kahawia iliyokoza, kama chai iliyosahauliwa jikoni. Mzee akachovya kidole, akanusa, akasugua kati ya vidole viwili akitafuta vumbi la chuma. "Haijaungua," akasema. "Mimina hiyo yako, mama."